Mnunuzi au tapeli? Maswali ya watu wa Mtwara na Lindi wanaouza vitu mtandaoni

Nauza friji, mashine za kushona na vyombo vya mtumba hapa Mtwara mjini, na vingi navitangaza mtandaoni: Facebook, magrupu ya WhatsApp, kurasa za matangazo madogo madogo. Watu wananijua kwa kazi hiyo, ndiyo maana wananipigia: jirani wa Chikongola, mwalimu wa Nachingwea, mama anayebangua korosho Tandahimba. Wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti, "Huyu mteja ni wa kweli?" Nimeyaandika hapa maswali yanayorudi mara nyingi zaidi pamoja na majibu ninayowapa. Baadhi ya majibu hayo niliyalipia.

Nitamjuaje mnunuzi wa uongo kabla hata hatujafika kwenye pesa?

Sikiliza anauliza nini. Mnunuzi wa kweli ana shida na kitu chenyewe. Friji ataiuliza: inagandisha? Gesi imewahi kujazwa? Mlango unabana? Mashine ya kushona ataiuliza kama ni ya kupiga kwa mguu au ya umeme, na kama inaruka mshono. Ataomba picha ya upande ambao hukuupiga, maana anajua upande huo ndio wenye kutu. Kisha atalia na bei. Utasema laki tatu, yeye atasema laki mbili, atakuambia hali ngumu, korosho hazijalipwa, mpaka mchoke wote. Mtu wa huku kwetu asiyeomba kupunguziwa nimekutana naye mara chache sana, na mara nyingi kati ya hizo chache alikuwa tapeli.

Tapeli haulizi kitu. Anaandika hivi:

"Bosi hiyo bado ipo?"
"Ipo."
"Bei ya mwisho?"
"Laki nne na nusu."
"Sawa nipe namba natuma sasa hivi, nisije nikaikosa."

Mistari mitatu, laki nne na nusu. Hajauliza iko mtaa gani, hajauliza rangi. Nilikuwa na tangazo la friji ambalo kwa makosa niliandika "mashine ya kusaga", na mtu akajibu kwamba hiyo mashine anaihitaji sana kwa ajili ya mama yake, anatuma hela muda huo huo. Picha inaonyesha friji. Huyo hakuangalia hata picha.

Dalili nyingine ni haraka. Yuko safarini, dereva wake yuko njiani, mkubwa wake anasubiri, leo ndiyo siku ya mwisho. Haraka hiyo ni ya makusudi: anataka ukabidhi mzigo kabla hujapata dakika mbili za kuangalia simu yako kwa utulivu.

Nimepata meseji kwamba hela imeingia. Nimpe mzigo?

Bado. Angalia salio kwanza, wewe mwenyewe, kwenye menyu ya mtandao wako. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas (ile iliyokuwa Tigo Pesa) ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60#, HaloPesa ni *150*88#. Ukitumia programu ya simu, fungua programu uone. Ukitumia Lipa Namba dukani, angalia salio la hiyo Lipa Namba. Meseji ni taarifa tu, na taarifa mtu yeyote anaweza kuiandika.

Nieleze yaliyonipata, maana naona watu huelewa zaidi wakiona namba. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, kama robo saa kabla ya kufuturu. Mteja alishaagiza kirikuu kije kuchukua friji, na dereva yuko mlangoni anapiga honi. Uji uko jikoni. Meseji ikaingia: "Imethibitishwa. Umepokea Tsh 450,000." Chini yake: salio lako jipya ni Tsh 450,000. Nikasoma, nikafurahi, nikamwambia dereva pakia.

Kwenye simu yangu siku hiyo kulikuwa na shilingi 3,400. Nilikuwa nalijua salio hilo, asubuhi nilishindwa nalo kununua umeme. Ingekuwa hela imeingia kweli, salio jipya lingesoma 453,400. Tapeli hajui una shilingi ngapi, kwa hiyo anakisia, au anaandika kiasi alichodai kutuma, au anaacha sehemu ya salio bila kuijaza. Niligundua baada ya futari, nikiwa nataka kumtumia mtoto hela ya vocha. Friji ilishashushwa kandokando ya barabara huko Mikindani na kupakiwa kwenye gari jingine. Dereva wa kirikuu naye hakulipwa. Alikuwa amekodiwa kwa simu kama mimi nilivyopigiwa, na alirudi kwangu akidhani mimi ndiye nitakayemlipa.

Tangu siku hiyo, kabla mnunuzi hajatuma, naangalia salio na kuliandika kwenye karatasi. Akisema ametuma, naangalia tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo hela yake.

Lakini meseji imeingia kwa jina la mtandao kabisa, siyo namba ya mtu.

Meseji nyingi za uongo huingia kwa namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, na hizo ni rahisi kuzigundua ukitulia. Lakini jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa, na meseji ikakaa katikati ya zile halali. Kwa hiyo jina lisikupe usingizi. Rudi kwenye salio.

Anasema ametuma lakini hela "imekwama" mpaka mimi nilipie kitu kidogo ili ifunguke.

Muuzaji halipi chochote ili kupokea hela. Hakuna ada ya kufungua muamala, hakuna kodi ya kupokea, hakuna "kuboresha akaunti" kwa elfu ishirini. Makato ya kutuma ni ya anayetuma. Usijibizane naye, kata simu.

Ametuma kwa kuzidisha, anaomba nimrudishie iliyozidi.

Friji ni laki mbili, meseji inasema laki mbili na elfu themanini. Simu inaita hapo hapo: "Mama nimekosea, kwenye hiyo kuna hela ya dawa ya mtoto, naomba unirudishie elfu themanini." Sauti inatetemeka. Ukirudisha, umetoa elfu themanini zako mwenyewe, kwa sababu laki mbili na themanini hazikuwahi kufika.

Kama salio limeongezeka kweli, bado usitume kwa namba nyingine atakayokutajia. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake aombe muamala urudishwe, na wewe usiziguse hizo hela mpaka jambo liishe. Aliyekosea kweli atakubali. Wa uongo atakutukana, na matusi hayo yatakusaidia kuamua.

Hela imeingia kweli, nimeiona kwenye salio. Anaweza kuirudisha akishaondoka na mzigo?

Anaweza kujaribu. Mitandao inampa mteja nafasi ya kuomba kurudishiwa muamala uliokosewa, na wapo wanaoitumia vibaya: analipa, anachukua mzigo, akifika kona anapiga 100 (huduma kwa wateja) na kusema alikosea namba. Kinachokulinda ni ushahidi kwamba haikuwa makosa. Mfanye aandike kwenye WhatsApp, "Nimelipa laki mbili ya friji niliyoichukua leo," kwa namba ile ile aliyolipia. Linganisha jina lililokuja na muamala na jina la mtu aliyesimama mbele yako. Andika karatasi ya mauziano hata kama ni ya daftari, asaini, na wewe usaini. Huduma kwa wateja wakikupigia kuhusu muamala huo, una la kuwaonyesha.

Kwa kitu cha bei kubwa mimi napenda mnunuzi aje na noti, twende pamoja kwa wakala au benki, ziingizwe kwenye akaunti yangu nikiwa nimesimama pale. Hapo noti za bandia zinaonekana na muamala hauna mjadala.

Ameniomba nimtajie namba sita zilizoingia kwenye simu yangu.

Usimtajie, hata kama anasema ni "namba za kuthibitisha kwamba wewe ni muuzaji halali". Mara nyingi hizo ni namba za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Ukizitaja, dakika chache baadaye ndugu zako wote wanaanza kupokea meseji kwa jina lako: "Naomba uniazime laki, kesho narudisha." Yaani mali yako imebaki nyumbani ila jina lako limeondoka. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ni kazi ya dakika moja.

Linki za "bonyeza hapa upokee malipo yako" ni ndugu wa hilo hilo. Zinakupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wa benki, unaombwa namba ya kadi, tarehe, na zile tarakimu tatu za nyuma. Kupokea hela hakuhitaji tarakimu za nyuma ya kadi. Na namba ya siri haiombwi na mtu yeyote.

Nauza pikipiki. Mtu amenipigia, anasema mdogo wake atakuja kuiona, ila nisimtajie bei. Kuna ubaya?

Ubaya upo mkubwa, na nitaeleza taratibu kwa sababu huu ndio utapeli unaowaumiza watu wawili wema kwa mpigo.

Wewe uko Masasi, umetangaza Boxer kwa milioni mbili. Tapeli anachukua picha zako, anafungua tangazo lake, anaandika milioni moja na laki nne. Mtu wa Nanyumbu anaiona, anaona bei nzuri, anampigia. Tapeli anamwambia, "Pikipiki iko Masasi kwa kaka yangu, nenda ukaione, ila ya bei usizungumze naye, tuna mambo ya kifamilia." Halafu anakupigia wewe: "Bosi, nainunua kwa bei yako. Mdogo wangu anakuja kuikagua. Nina deni naye, usimtajie bei, mimi ndiye nitakayekulipa."

Mnunuzi anafika. Anaiona pikipiki, inawaka, kadi ipo, namba ya chasisi inalingana. Amani tele. Anampigia tapeli, anatuma milioni moja na laki nne. Wewe unasubiri milioni mbili zako. Baada ya nusu saa tapeli amezima simu, na nyinyi wawili mmesimama uani mnatazamana, kila mmoja anamuona mwenzake mwizi. Yule wa Nanyumbu amepoteza hela. Wewe pikipiki unayo, lakini kuna mtu mwenye hasira kwenye uwanja wako anayedai ameinunua, na vijana wa kijiwe wameanza kusogea.

Kuvunja mpango huo kunahitaji sentensi moja. Mtu akifika kuangalia, muulize kabla hajaishika: "Ndugu, wewe umeambiwa ni shilingi ngapi, na unamlipa nani?" Mkiongea bei waziwazi, tapeli amekwisha. Na anayelipa awe ndiye aliyesimama hapo, atume hela kwenye namba yenye jina la mwenye pikipiki. Mtu anayekukataza kuongea bei na mnunuzi wako mwenyewe ana sababu moja tu ya kufanya hivyo.

Utapeli huu huu upo kwenye viwanja, simu na hata mashine za kupulizia korosho pale msimu wa salfa unapokaribia na kila mtu anatafuta ya bei nafuu. Picha zako ziandike jina lako juu yake kabla ya kuzipandisha, angalau umsumbue. Na picha ya kadi ya pikipiki usiitume kabisa: hiyo ndiyo anayomwonyesha mnunuzi wake ili aaminike. Anayetaka kuiona kadi aje.

Akitaka kuijaribu barabarani?

Ana haki ya kuijaribu, na wewe una haki ya kukaa nyuma yake. Au aache bei nzima mkononi mwa mtu mnayemwamini wote. Kitambulisho peke yake hakitoshi, wala pikipiki chakavu aliyoiacha kwako kama dhamana, maana hiyo nayo inaweza kuwa ya wizi.

Nabangua korosho nyumbani. Mteja wa Dar anataka kilo thelathini kwa basi na ametuma risiti ya benki. Nipakie?

Dada zangu wa Tandahimba, Newala na Mtwara mjini, hili nawaomba mlisome mara mbili. Kilo thelathini za korosho zilizobanguliwa ni mikono ya siku ngapi? Ni mafuta ya ganda yaliyounguza vidole, ni kuchagua nzima na vipande mpaka macho yanauma. Halafu zinaondoka kwa picha ya karatasi.

Picha ya risiti ya benki siyo hela. Inatengenezwa kwenye simu kwa dakika tano: wanachukua risiti ya kweli ya mtu mwingine, wanabadilisha jina na kiasi. Hata risiti halali inaweza kuwa ya muamala ambao haujakamilika. Piga benki yako au angalia kwenye programu yake. Kama haionekani, haipo. Atakuambia ni mwisho wa wiki, benki zinachelewa. Mjibu kwa upole kwamba korosho hazichachi, zitasubiri mpaka Jumatatu.

Kuna lingine la basi. Anasema, "Hela nimempa konda, utamkuta nayo stendi." Unafika stendi, konda hajui chochote, basi linaondoka, abiria wanapiga kelele, na wewe una kiroba begani. Simu inaita: "Pakia tu mama, nimeongea na mwenye gari." Rudi na kiroba chako nyumbani.

Mteja mpya wa mbali mimi namwambia alipe yote kabla, au atume ndugu yake aliyeko hapa Mtwara aje achukue na kulipa. Karibu kila mtu wa Mbagala ana ndugu huku kusini. Akianza na kilo mbili tukaaminiana, hizo thelathini zitakuja zenyewe. Mzigo ukipakiwa, chukua risiti ya ofisi ya basi yenye jina la mpokeaji na namba ya gari, na ubaki nayo.

Mtu anatafuta korosho ghafi au ufuta mtandaoni, bei yake iko juu kuliko ya mnada. Nimuuzie?

Korosho ghafi zinauzwa kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na minada ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwa korosho hapa Mtwara mwaka 2007. Ufuta na mbaazi za kwetu nazo zinapita huko. Anayekuja pembeni na bei tamu ni kangomba, yaani mnunuzi wa nje ya mfumo, na kangomba wa mtandaoni ni mbaya kuliko yule anayepita akipima kwa bakuli, kwa sababu yule wa bakuli angalau unamuona uso. Anachagua biashara hii makusudi: anajua ukidhulumiwa utaona ugumu kwenda polisi na kusema ulikuwa unauza nje ya mfumo. Wapo waliopoteza gunia zima na wamenyamaza mpaka leo.

Tumepata oda kubwa kutoka "kampuni ya gesi". Wanataka tulipie usajili wa mzabuni.

Tangu watu waanze kusikia habari za Mnazi Bay, Madimba na mradi wa gesi wa Likong'o kule Lindi, majina hayo yamekuwa chambo. Fundi seremala anapigiwa: meza arobaini, bei yoyote atakayotaja, ila kwanza alipe laki na nusu aingizwe kwenye orodha ya watoa huduma. Jina la kampuni ni la kweli, anayepiga ndiye wa uongo. Hakuna mnunuzi anayemlipisha muuzaji ili anunue. Zabuni za taasisi za umma zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, haziji kwa meseji ya WhatsApp usiku. Kampuni binafsi ina ofisi, nenda ukaulize mapokezi kabla hujanunua hata ubao mmoja.

Huyu anaongea Kimakonde safi, anamjua hata mjomba wangu. Bado nimshuku?

Naelewa kwa nini unauliza. Sisi tumelelewa hivyo: ukimsikia mtu anaongea kwa lafudhi ya nyumbani, moyo unalegea. Mmakonde na Mmwera na Myao na Mmakua wanataniana, na utani ni udugu. Matapeli wanaijua njia hiyo. Anafungua ukurasa wako, anaona picha ya msiba wa Newala, anasoma majina ya waliotoa pole, halafu anapiga: "Mjomba wako tulimzika wote, hukunikumbuka?" Lugha ya nyumbani inaonyesha alikozaliwa tu. Kama kweli ni ndugu, hataona vibaya ukisema, "Ngoja niangalie salio, shemeji." Mimi nawaangalizia salio hata jirani zangu wa ukuta kwa ukuta, na bado tunapeana chumvi.

Tukutane wapi kukabidhiana?

Mahali penye watu, mchana, karibu na wakala au benki. Mtwara mjini maeneo ya Soko Kuu yanatosha, Lindi mjini vivyo hivyo sokoni. Kitu kisichobebeka, kama friji, mnunuzi aje nyumbani lakini usiwe peke yako. Akibadilisha mahali dakika ya mwisho, kutoka sokoni kwenda njia ya kichakani, usiende.

Nimeshatapeliwa. Nianzie wapi?

Kama umetuma hela, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi kabla hujamalizia kusoma. Wape namba ya muamala. Hela ikiwa bado haijatolewa, inaweza kuzuiliwa, na hapa dakika zina thamani.

Kisha namba ya tapeli iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano: tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, hasa kama uliwahi kumtumia tapeli picha ya kitambulisho hicho. Ukikuta namba usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao husika ikafutwe.

Usifute mazungumzo. Najua unatamani usiyaone tena, ila piga skrinshoti za kila kitu: tangazo, meseji ya uongo, namba, saa. Nenda nazo polisi, upewe RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Udanganyifu wa namna hii uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo unachopeleka ni kosa la jinai, hata kama ulikuwa unauza pasi ya umeme.

Na ukimpata aliyekuja kuchukua mzigo, bodaboda au dereva wa kirikuu, mhifadhi kama shahidi. Usimwitie mwizi. Yule dereva wangu alikuwa na mtoto wa shule anamsubiri, na kama ningepiga yowe jioni ile, sijui kama angefika nyumbani.

Naona aibu hata kumwambia mume wangu.

Pole sana. Mimi nilikaa siku nne bila kusema. Nilidhani watanicheka, mtu wa biashara miaka yote hiyo anadanganywa na meseji. Nilipofungua mdomo kwenye kikao cha vikoba, wanawake watatu walikuwa wamepigwa na namba ile ile. Ningesema siku ya kwanza, wa tatu angepona. Mwambie leo, halafu iandike hiyo namba kwenye kila grupu ulilomo.

Nimeshapakia mzigo kwenye basi la asubuhi, ndiyo kwanza naona salio halijaongezeka. Bado nawahi?

Unawahi. Basi linaloondoka Mtwara alfajiri lina safari ndefu mpaka Mbagala, na mzigo wako hautoki mpaka mtu autaje. Chukua ile risiti ya mzigo, piga namba ya ofisi ya basi iliyoandikwa juu yake. Wape namba ya gari na jina la mpokeaji, waambie mzigo usitolewe kwa mtu yeyote, urudi Mtwara kwa jina lako, na gharama ya kurudisha utalipa. Wasipopokea, nenda stendi mwenyewe, ofisini kwao wana simu ya dereva. Kama basi halijapita Nangurukuru, kule Kilwa, muda unao wa kutosha. Tapeli usimwambie kitu. Akipiga, mwambie mzigo uko njiani.